Filamu za karibuni: zipi za kukaa nazo na wazee, zipi za kupita

Salaam aleikum. Ndugu yetu wa Malindi ameuliza: kati ya filamu za miaka hii ya karibuni, zipi zafaa kutazamwa nyumbani pamoja na mama yake mzee, ndugu zake na watoto, na zipi asizipotezee bando? Ametaja Gladiator II, RRR na Oppenheimer, akaomba mwenye kujua nyingine aongeze.

Nitajibu kwa niliyoyaona. Hapa Lamu hatuna jumba la sinema, na mimi ndiye ninayewasha projekta kiwandani kwetu, yaani uwanjani mwa nyumba, mtaa wa Langoni, baada ya isha. Ukuta ni wa chokaa, hatuhitaji kutundika shuka. Watoto hukaa mkekani mbele, akina mama nyuma yao, na wazee wasiosoma maandishi ya chini huniweka kati yao niwafasirie kwa sauti. Hapo ndipo nilipopatia kipimo changu. Filamu ikiwa dhaifu, naulizwa kila dakika, "Asemaje? Asemaje huyo?" Ikiwa nzuri, hufika mahali hakuna anayeuliza tena, kila mtu anasoma uso wa yule aliye ukutani. Mhakiki wa gazeti anaweza kuwa na vipimo vingine, mimi hiki kimenitosha.

Ningekuomba uanze na ambayo hukuitaja. The Letter, ya mwaka 2019, imetengenezwa na Maia Lekow na mumewe Christopher King. Si ya jana, lakini kwa mtu wa Malindi sijaona filamu iliyo karibu kuliko hiyo, maana ni kisa cha kweli cha hapo hapo kaunti ya Kilifi. Karisa, kijana anayeishi mjini, anapata habari kwamba nyanya yake wa miaka 95 ameandikiwa barua ya kumwita mchawi. Anarudi nyumbani kuchunguza, akakuta wanaomtuhumu ni watu wa damu yake. Jambo hili walijua lilivyo pande zetu. Mzee akishaota mvi na akawa na shamba, maneno huanza, na wengine wamelipa kwa roho zao.

Nguvu ya filamu hii ni subira. Inamtazama yule bibi akiwa na jembe lake shambani, umri ule, na ukiitazama mikono yake huhitaji kuambiwa ardhi ile ni ya nani. Kisha inakaa na wanaomtuhumu pia, inawaacha waseme. Wanasali, wanalalamika, wanataja magonjwa na mikosi, na polepole neno shamba linajitokeza katikati ya maneno ya uchawi. Wapo waliosema kwamba watengenezaji wangewakemea wale watu waziwazi. Mimi nakataa. Wangekemewa, sisi watazamaji tungejiona wasafi tukaenda kulala. Walivyoachwa waseme, kila mmoja kiwandani alimkumbuka mtu wa ukoo wake. Tena lugha ni Kiswahili na Kigiriama, kwa hiyo mama hatahitaji mfasiri. Kwetu, jirani mmoja Mgiriama ndiye aliyenipokea kazi usiku huo, akatufasiria sisi. Kenya iliichagua filamu hii ituwakilishe kwenye Oscar, na ilistahili.

Usiku unaofuata weka How to Make Millions Before Grandma Dies, ya Thailand, ya 2024. Nayo ni ya bibi na urithi, ila huku ni kijana aliyeacha masomo akawa anashinda kwenye michezo ya kompyuta. Anapoona binamu yake amerithi nyumba kwa kumuuguza babu, anakwenda kumuuguza bibi yake mwenye saratani naye apate chake. Mwanzoni akina mama walimchukia. "Ngojani," akasema nyanya mmoja, "atalia huyo." Ipo sehemu ambayo bibi anakwenda kwa kaka yake tajiri kuomba pesa za mahali pa kuzikiwa, na anavyosimama mlangoni kwake baada ya jibu. Sikufasiri neno hapo. Mwigizaji yule mzee, Usha Seamkhum, hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hiyo, na hakuna dalili hata moja ya ugeni. Mwisho wake sikwambii. Itazame na ndugu zako wote wenye hisa katika nyumba moja.

Io Capitano ya Matteo Garrone, Mwitaliano, ya 2023, uitazame, lakini watoto wadogo walale kwanza, kwa sababu sehemu ya Libya ina mateso yanayoumiza macho. Vijana wawili binamu, Seydou na Moussa, wanatoroka Dakar bila mama zao kujua, wanavuka jangwa, na mwishowe Seydou anakabidhiwa usukani wa chombo kilichojaa watu ilhali hajawahi kuendesha chombo. Ana miaka 16. Nilikuwa na nahodha mmoja mstaafu wa majahazi usiku ule, mtu asiyependa filamu. Kwenye jangwa alikuwa akisinzia. Chombo kilipoingia baharini akaketi wima, akaanza kumsemesha yule kijana kana kwamba atamsikia: tazama mbele, usiwaache wakae upande mmoja. Watu wamebanwa karibu na mtambo chini wanakosa hewa, simu za kuomba msaada zinapigwa na msaada hauji, na uso wa Seydou Sarr ndio unaobeba kila kitu. Tamasha la filamu la Venice lilimpa tuzo ya mwigizaji chipukizi na likampa Garrone ya uongozaji. Kwenye jangwa kuna sehemu ya mwanamke aliyekufa anayeelea hewani huku kijana amemshika mkono. Wengine wanaiona ni pambo tu. Kwangu mimi ni njia ya mtoto kukataa kwamba amemwacha mtu nyuma. Hapo Malindi mmeishi na Waitaliano miaka mingi, nafikiri mtakuwa na mengi ya kuzungumza ikiisha.

Gladiator II: iache. Papa wametiwa ndani ya uwanja wa Roma, mapanga yanagongana, na ukizima hukumbuki uso wa mtu yeyote isipokuwa Denzel Washington.

RRR, ya India, ya 2022, itazame na kila mtu, ila anzeni mapema kwa kuwa inapita saa tatu. Urafiki wa Bheem na Raju ndio moyo wake. Watu hao wawili waliishi kweli na wote walipigana na dhuluma, ila hakuna historia inayosema walikutana. Mwongozaji S. S. Rajamouli ndiye aliyewakutanisha. Ngoma ya Naatu Naatu ilipigwa picha Kyiv, Ukraine, mwaka 2021, mbele ya ikulu, miezi michache kabla ya vita. Watoto wa kwetu waliicheza vichochoroni wiki nzima.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, inanipa shida kidogo kuihukumu kwa sababu naipenda. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin amekimbia ndoa asiyoitaka, Denge anapigania uhuru. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto, na kuisikia lugha yetu imesemwa kwa utulivu namna ile, huku kuta za mawe zikifanana na za mtaani kwetu, ni furaha kubwa. Lakini riwaya ya Adam Shafi ina watu wengi na vituko vingi, na filamu imebakiza wachache, ikawaacha wanyamaze kupita kiasi. Mzee aliyeisoma riwaya aliniuliza mara kwa mara, "Mbona wamekatiza?" Aliyekuja bila kuisoma alitulia hadi mwisho. Soma kitabu baadaye, usisome kabla.

Kama una vijana wa sekondari, wape Dahomey ya Mati Diop, ya 2024, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Ni fupi, saa moja na dakika chache. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Ufaransa mwaka 2021, na sanamu moja inasema kwa lugha ya Kifon ikiwa gizani ndani ya sanduku. Mjadala wa wanafunzi wa chuo kikuu ndio niliousimamisha na kuurudia: mmoja anafurahi, mwingine anauliza vipi turudishiwe 26 kati ya maelfu. Kiwandani swali likageuka mara moja likawa la Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza mwaka 1902 na ingali katika British Museum. Wapokomo ni majirani zetu wa Tana. Vijana wale hawakuwa wameisikia habari hiyo shuleni.

Watoto wadogo wawekee Flow, katuni ya Latvia, ya 2024. Hakuna neno hata moja linalosemwa, kwa hiyo usiku huo hata mimi nilipumzika. Paka amepatwa na gharika, anapanda mashua ya tanga pamoja na mbwa, komba wa Madagaska, mnyama mmoja mnene wa Amerika ya Kusini wa jamii ya panya, na ndege aitwaye karani tamba ambaye ndiye anayeshika usukani. Lamu ni mji wa paka, na watoto wetu wanamjua paka anavyobana masikio akiona maji. Walimtambua. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na kundi dogo la watu, na ikachukua Oscar mbele ya makampuni makubwa.

Oppenheimer, hiyo uitazame peke yako, na vipokea sauti masikioni. Ni filamu kubwa ya mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la nyuklia, nampa mwongozaji Christopher Nolan heshima yake, hasa pale bomu linapolipuka na moto unapanda kimya kabisa kabla sauti haijafika. Lakini ni saa tatu za wanaume wakizungumza haraka vyumbani, wazee watachoka, na ina utupu ambao hutaki ukukute umekaa na mama yako.