Bamvua ikifika, nafunika cherehani

Kwa miaka mitatu nilikuwa najiahidi kwenda kuokota chaza "nikipata nafasi". Nashona hapa Mikindani, bahari naiona nikiwa kibarazani, na nafasi haikupatikana hata siku moja. Oktoba minada ya korosho ikianza, hela zinaingia mifukoni na kila mwenye harusi anakumbuka kuwa ana fundi. Sare za ukoo mzima, kila mmoja na mshono wake, zote za Jumamosi.

Nikasema basi, iwe Jumapili. Jumapili kuna kufua, kuna msiba, kuna mgeni kutoka Newala ambaye hakupiga simu. Ile moja niliyofanikiwa kutoroka, nilifika pwani saa tisa alasiri na ndoo yangu, nikakuta maji yamejaa mpaka kwenye mikoko. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amekaa anamenya ming'oko. Akanitazama mimi, akaitazama ndoo.

"Mjukuu wangu, chaza utawaokota kwa kupiga mbizi?"

Mtoto wa pwani mzima, naona haya mpaka leo. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na bamvua, ile inayokausha mbali, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo kwetu maji hupwa saa nne au saa tano asubuhi. Yaani saa ya kazi kabisa.

Kilichonisaidia ni hichohicho. Jumapili naweza kuihamisha, bamvua siwezi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi nachagua siku moja, naandika kwa chaki mlangoni: "Fundi atarudi saa saba." Wateja walinuna mwanzoni. Mmoja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine, na hakurudi. Wengine sasa wananiuliza bamvua lini ili wajue siku ya kuja kupimwa.

Ndoo, kijiti na raba kuukuu vinakaa nyuma ya mlango. Usidharau hili, siku ambayo lazima utafute raba kwanza ndiyo siku utakayosema "acha, nitaenda kesho".

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Mume wangu aliona ndoo imejaa, akasema, "Mama Shani, hizi si hela?" Nikauza bamvua mbili mfululizo. Ya tatu nilijikuta nahesabu mafungu kabla sijainama, nimewakasirikia kina mama wengine eti wamenitangulia. Zamani nilikuwa nakanyaga mchanga, ukitema maji nacheka peke yangu kama mwehu. Sasa nilikuwa naona kitoweo cha watu tu. Nikaacha kuuza. Tunakula wenyewe, wakizidi nampelekea bibi.

Wewe uliye Masasi usiyeiona bahari, tafuta kitu chenye kalenda yake chenyewe: mechi za mtaani, mazoezi ya kwaya, msimu wa mabibo. Kisiwe kitu cha kukusubiri wewe, maana hutamaliza kazi. Mimi sijazimaliza. Hapa nilipo nina magauni sita ya sendoff ya kutia zipu, mwezi umeandama jana, na chaki siioni. Nahisi watoto wameichezea.