Vichekesho vya mjini au igizo la mtaani? Jibu kwa dada wa Kayole

Dada, umeuliza kama mtu anayeandika na kuigiza vichekesho afuate maonyesho ya kiingilio kule mjini au abaki na kikundi cha mtaa kinachoigiza uwanjani bure. Umesema pia wenzako wanakwambia kazi ya mtaani ni kungojea shirika lilete pesa. Nimefanya zote mbili kwa miaka mingi hapa Nairobi. Naona usiache hata moja, ila anzia uwanjani.

Nasema hivyo kwa sababu ya hadhira. Aliyelipa kiingilio ameshaketi, taa zimezimwa, kaja na rafiki zake kucheka. Atakuvumilia ukijikokota kidogo. Uwanjani hakuna anayekuvumilia. Mama ana sukuma wiki mkononi na watoto wanamngoja, kijana wa boda ana sikio moja kwako na jingine kwa abiria. Mchezo ukichelewa kushika, wameenda. Dandora na Kibera ndiko nilikofundishwa kuandika: mhusika aingie ugomvi ukiwa umeshawaka, maneno yawe machache, na jambo kuu lionekane kwa macho, maana honi za matatu zitameza nusu ya unachosema.

Kuna mbinu ambayo vikundi vingi vya mitaa yetu hutumia, iliyotokana na kazi ya Augusto Boal, mwelekezaji wa michezo ya kuigiza wa Brazili. Mnaigiza hadi pale mhusika anapobanwa kabisa, mnasimamisha mchezo, kisha mwendeshaji anauliza umati: wewe ungefanyaje? Anayejibu haachwi aongee akiwa amesimama kule nyuma. Anaingia, anachukua nafasi ya mhusika na kuigiza jibu lake.

Tuliwahi kuwa na mchezo kuhusu kifua kikuu. Mgonjwa ameanza dawa, na matibabu yale huchukua miezi sita au zaidi. Mwezi wa pili anajihisi mzima, na mjomba wake, mjuaji wa kila kitu, anamwambia atupe vidonge anywe mitishamba yake. Mke kabanwa katikati. Kwenye mazoezi tulibishana sana: mmoja wetu alitaka mgonjwa akohoe kwa vituko watu wavunjike mbavu. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Katika umati ule kuna mtu anayekohoa kweli, na akichekwa hatakanyaga kliniki. Kicheko tukakipeleka kwa mjomba, yule mwenye sauti kubwa na mamlaka ndani ya nyumba.

Tuliposimamisha mchezo, vijana kadhaa waliingia wakagombana na mjomba, naye akawashinda wote, kwa kuwa mwigizaji wake alikuwa hodari wa mdomo. Halafu akaja nyanya mmoja na leso yake. Hakubishana. Alimwamkia mjomba kwa heshima, akamwandalia kiti, akamsifu kwa ujuzi wake, kisha akamwomba amfuatie mafuta ya taa dukani kwa kuwa yeye miguu inamuuma. Mjomba kuondoka tu, nyanya akampa mgonjwa kidonge na maji. Uwanja ulilipuka. Hakuna mwandishi kati yetu aliyekuwa amewaza hilo, na tuliliingiza kwenye mswada. Hata baadaye, nikiandika vya ukumbini, nilikuwa namtafuta mtu kama yule nyanya katika kila onyesho.

Wanaokwambia hii ni kazi ya wasiofika mjini, wakumbushe Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kule walifanya mazoezi ya mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, hadharani, majirani wakiwasahihisha maneno na miondoko. Serikali ilipiga mchezo marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Jukwaa la kijijini lilikuwa limeitikisa serikali.

Na kwa upande wa vichekesho, msome Wahome Mutahi. Wengi wanamkumbuka kwa safu yake ya gazetini, lakini hadi alipofariki mwaka 2003 alikuwa pia akiandika michezo ya kuchekesha kwa Kikuyu iliyoigizwa kwenye mabaa, watu wakila nyama. Aliwafuata watu walikokaa, na waliochekwa walikuwa watawala. Francis Imbuga naye, mwandishi na mwigizaji, alifanya vivyo hivyo na Mulili, askari wa mtawala katika tamthilia yake Betrayal in the City: unamcheka hadi unapotambua kwamba mtu huyo anaweza kukuua. Hao wawili ndio walimu wangu.

Sasa pesa, kwa kuwa umeuliza waziwazi. Uwanjani pekee hapalipi kodi ya nyumba. Mashirika huja na mradi, huleta nauli na posho, mradi ukiisha nao wanakwenda. Usijenge kikundi juu ya mradi mmoja. Wengi wetu tumelishwa na setbuku: unaigiza tamthilia zinazotahiniwa, kama ilivyokuwa Kigogo na baadaye Bembea ya Maisha, shule kwa shule. Ni kazi ngumu, mnaamka usiku na mavazi mmeyabeba mgongoni, lakini inalipa na inakufunza sauti. Maonyesho ya mjini yajazie hapo. Kuna vikundi vilivyojenga hadhira ya vichekesho pale Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, kikundi cha Heartstrings kikiwa mbele, kwa hiyo soko lipo.

Kabla ya kuigiza uwanjani, mwone chifu mapema na mpitie kituo cha polisi, hata kama mchezo ni wa chanjo. Nimeshaona umati mzuri ukitawanywa kwa kukosa barua.

Na jambo ambalo vikundi hudharau: mswada wako uwe na jina lako na tarehe, usajiliwe Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla haujasambazwa kwa WhatsApp. Mkiutunga pamoja mkiwa mazoezini, andikeni majina yenu nyote na mkubaliane mgao siku hiyohiyo. Nina rafiki ambaye mchezo wake uliigizwa kaunti nyingine bila yeye kupata hata shilingi, na hakuwa na karatasi ya kumtetea.

Ukiwa na mswada tayari, niletee ujumbe. Tutausoma pamoja kwa sauti.