Timu inaitikia kila kitu lakini kazi haiendi: jibu langu kwa msimamizi mpya

Ndugu, umeeleza kwamba umepandishwa cheo juzi kuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala huku Industrial Area, Nairobi. Watu uliokuwa ukibeba nao mizigo sasa wako chini yako, ukitoa maagizo wote wanaitikia "sawa bosi", kisha kazi inafanywa vingine. Tena kundi la WhatsApp mlilofungua limekufa. Nimesimamia zamu upande huo wa Enterprise Road na Lunga Lunga kwa miaka mingi, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Usidhani wanakudharau. Kwetu mtu hambishii mkubwa mbele ya watu, hiyo ni adabu ya kawaida. Ongeza hapo hofu ya kupoteza kibarua: mwenye kandarasi ya miezi mitatu hawezi kukuambia mpango wako una kasoro huku wenzake wanamtazama. Ukitegemea kikao cha asubuhi kikuambie ukweli, utangoja sana.

Kiwanda kimoja cha mikate nilichofanyia kazi, meneja alitangaza kikaoni kwamba zamu ya mchana sasa itaisha saa nne usiku badala ya saa mbili. Akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeinua mkono, akaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wamekubali. Wiki iyo hiyo akina mama wa kufunga mikate wakaanza kukosa kazini, mmoja baada ya mwingine, leo mtoto anaumwa, kesho kuna msiba. Meneja akaagiza barua za onyo ziandikwe.

Msimamizi wao, mama mmoja mtu mzima, aliomba apewe siku kidogo. Saa ya chai alichukua kikombe chake akaenda kuketi nao kwenye kreti zilizopinduliwa, akamuuliza aliyekuwa karibu naye: "Ukitoka hapa saa nne, unafika nyumbani kwa njia gani?" Hapo yakamwagika yote. Wengi waliishi Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben na hurudi kwa miguu. Saa mbili njia bado ina watu, wanatembea pamoja na vibanda viko wazi. Saa nne ni hatari, na jirani anayewaangalizia watoto hakubali kukaa nao mpaka usiku huo.

Litazame lile swali. Angeuliza "mna shida yoyote?" wangesema hapana. Aliuliza jambo lisilojibika kwa ndiyo wala hapana, na lisilomfanya mtu aonekane mlalamishi. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo: uliza kazi au safari yenyewe inavyokwenda, hatua kwa hatua, na shida itajitaja.

Kisha akafanya jambo ambalo wasimamizi wengi hawalifanyi. Kesho yake, saa ile ile ya chai, alirudi na majibu: "Gari la kuwapeleka nyumbani nimeomba, wamekataa. Kuhusu saa, wamekubali tuingie mapema na kutoka saa mbili kama zamani. Anayeweza kubaki mpaka saa nne ajiandikishe kwangu, atalipwa ovataimu." Alianza na alilokataliwa. Mimi naamini hapo ndipo alipowapata. Mfanyakazi aliye chini hana namna ya kutofautisha ombi lililokataliwa na ombi lililosahauliwa mfukoni mwako. Ukinyamaza mara mbili tatu, hawatakuletea lolote tena, hata siku breki za foklifti zitakapolegea.

Hata kisheria meneja yule alikosea. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti kama saa za kazi ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi.

Sasa maagizo ya kila siku. Usimalize kwa "mmeelewa?" Mwambie mmoja akurudishie mpango kwa maneno yake, na ubebe wewe mzigo wa lawama: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Hebu nipangie, tunapakia vipi?" Halafu toa sababu. Lori la Mombasa Road linaloanza kushusha mzigo Imara Daima, likapita Mlolongo na Athi River mpaka Kitengela, mzigo wa Kitengela ndio unaopakiwa kwanza, ndani kabisa, na wa Imara Daima unakaa mlangoni. Mpakiaji anayejua kwamba akigeuza mpangilio huo dereva na utingo wake watashusha nusu ya lori kando ya barabara na kulipakia upya, hahitaji kusimamiwa. Aliyeambiwa tu "anza na zile" atabahatisha siku ukiwa haupo.

Kuhusu wenzako wa zamani, endelea kuwaita mlivyokuwa mkiitana na usiwapendelee kwenye ovataimu. Wengine wataona.

Mtu akikosea, mwite kando. Na jambo likifikia kumfuta kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kutoweza kazi, kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Nimeona watu wakisomewa barua ya Kiingereza wasiyoielewa na kuambiwa watie sahihi. Inaumiza kuona hivyo. Wewe uwe wa kukataa.

Kundi la WhatsApp litumie kwa mambo mafupi: nani yuko zamu gani, lori lipi limechelewa. Usimkemee mtu humo, na kumbuka si kila mtu ana bando kila siku, kwa hivyo la lazima libandike pia ukutani kwa Kiswahili. Fununu za kupunguza watu au mshahara kuchelewa zikianza, usizijibu humo. Waite, simama mbele yao, sema unalolijua na siku utakayowaletea mengine. Siku hiyo ikifika, nenda, hata kama ofisi haijakupa jipya.