Muulize Bibi: Mikoko na boriti

SWALI: Shikamoo bibi. Hapa Msimbati tumo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, na mikoko haturuhusiwi kukata ovyo. Mimi naona matope na mbu tu. Boriti nitoe wapi?
Mjenzi, Mtwara Vijijini

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Maji yakijaa, chungulia kwenye mizizi: utaona kamba wachanga, wembamba kama uzi, na changu wadogo. Hapo ndipo wanapokulia kabla hawajatoka kwenda baharini. Nimeuza kamba miaka mingi. Mikoko ikiisha, biashara nayo imekwisha. Tena si mti wa aina moja: mlilana husimama mbele kwenye maji, mchu huvumilia chumvi kali. Boriti? Panda mivinje shambani, hukua upesi. Mbu, lala na chandarua.