Shangazi yako si mjinga: niliyoyaona CTC wakati wa kikombe cha Loliondo

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini shangazi yako na wenzake wa kikundi cha maombi wameacha dawa za presha, umewapima mbele yao, namba wameziona, na bado wanazidi kukaza. Waliotangulia kukujibu wamesema ni ujinga na elimu ndogo. Nawapinga, tena kwa uzito, kwa sababu jibu hilo ndilo linalofanya wagonjwa wasirudi.

Mwaka 2011 nilikuwa mtoa ushauri nasaha kwenye CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, mkoani Arusha. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka: mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), Ambilikile Mwasapile, Babu wa kijiji cha Samunge, Loliondo. Kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, na katika magonjwa yaliyotajwa kuwa yanapona kulikuwa na kisukari, saratani na UKIMWI. Kufikia Machi foleni ya magari porini ilikuwa ya kilomita nyingi. Walikwenda mawaziri, wabunge, wasomi, na watu kutoka Kenya. Hoja ya elimu ndogo inakufa hapo hapo. Mzee alifariki 2021, na simlaumu kwa lolote humu. Nazungumzia sisi tuliobaki na yaliyofuata.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa kwenye kikundi cha WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Walichangishana nauli, wakakodi Coaster, wakapita Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, wakalala njiani kwenye vumbi na baadaye matope. Walirudi wakiwa kitu kimoja kuliko walivyoondoka. Tarehe za kuchukua dawa zikaanza kupita bila wao kuonekana. Tulipowafuatilia majumbani walitupokea vizuri, wakatukaribisha chai, wakasema wamepona.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Mwanzoni ushahidi wa mwili ulikuwa upande wao. Wengi walikuwa bado wanatumia stavudine, dawa ya VVU iliyowafanya miguu iwake moto na kufa ganzi, na waliokuwa kwenye efavirenz, dawa nyingine ya VVU, waliamka usiku kwa ndoto za kutisha na kizunguzungu. Ukiacha dawa hizo, ndoto zinakwisha ndani ya muda mfupi. Unalala. Chakula kinapita. Virusi navyo vinapanda kimya kimya, havina maumivu ya kukushtua. Mtu aliyeteswa na dawa kwa miaka, kisha akalala fofofo baada ya kikombe, utamwambia nini? Anakutazama kama mtu usiyejua lolote, na kwa mwili wake mwenyewe ana sababu. Presha ni vivyo hivyo: haiumi, ila baadhi ya vidonge vyake vinakukojoza usiku kucha, vingine vinakuletea kikohozi au kuvimba miguu. Muulize shangazi yako alikuwa anajisikiaje alipokuwa anameza. Nina hakika hakuna aliyemuuliza.

Baada ya miezi vipimo vikaanza kusema vingine. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga mwilini, zikashuka. Hapo ndipo nilipojifunza ninachokuandikia. CD4 hupanda na kushuka kidogo hata kwa saa za siku au kwa mafua tu, kwa hiyo aliyepanda kidogo alisimama kwenye kikao kutoa ushuhuda, na aliyeshuka alinyamaza. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo. Matokeo yake kila aliyeketi pale alisikia shuhuda za uponyaji peke yake, akadhani ni yeye tu hajapona, na akaanza kujiuliza imani yake imepungua wapi. Aliyezidiwa kabisa alikuwa haji kikaoni, na alipofariki ilisemekana alikwenda Loliondo akiwa na mashaka. Ukishaweka sharti kwamba dawa inafanya kazi kwa imani, hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kulikanusha.

Mama mmoja, mtu mzima, mwenye akili nyingi na mweka hazina wao, aliniambia tukiwa wawili tu: "Mwanangu, nikisema sijapona, nani atanizika?"

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Miaka iliyotangulia ndugu zake walimtengea sahani na kikombe chake peke yake. Kikundi kile ndicho kilichomrudisha kuwa mtu: walimuuguza, walimkopesha mtaji wa mboga, walisimama naye kwenye misiba. Karatasi yangu ya maabara ilikuwa inamwomba abadilishe wazo moja kuhusu mti mmoja. Yeye aliona inamwomba aachane na watu pekee aliokuwa nao. Ukiweka hivyo kwenye mizani, kung'ang'ania kwake kulikuwa na hesabu nzuri kuliko hoja zangu zote.

Kuna jaribio maarufu la mwanasaikolojia Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950. Kijana mmoja aliketishwa na wenzake waliopangwa kujibu vibaya swali rahisi la urefu wa mistari. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata jibu la uongo la kundi angalau mara moja, ilhali wakiwa peke yao karibu hawakosei. Watu hulitaja sana kwa sehemu hiyo, mimi napenda sehemu ya pili: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli pembeni yake, mvuto wa kundi ulishuka hadi kama robo ya ulivyokuwa. Mmoja tu! Tena yule aliyeketi naye kwenye benchi, si msimamizi wa jaribio.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Zipo kliniki zilizowasimanga wagonjwa kila asubuhi kwenye elimu ya afya, "mmedanganywa, mmedanganywa", na watoro wakaongezeka. Waliorudi kwetu walirudi kwa sababu ya yule mweka hazina. Alianza kumeza tena kwa siri, akapata nguvu, kisha siku moja akasema kwenye kikao kwamba yeye alikunywa kikombe na anameza dawa, na haoni ugomvi kati ya hivyo viwili. Hakumkana Babu wala wenzake. Wiki zilizofuata walikuja wawili, wakaja wengine, wakiwa na kadi zao mkononi na maelezo yaleyale. Wapo wenzangu waliotaka kwanza wakiri kuwa kikombe hakikuponya kitu. Nilikataa na bado nakataa. Mgonjwa anatakiwa ameze dawa. Ungamo si sehemu ya tiba. Wengine hawakurudi, tukawazika, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa shangazi yako, basi, acha kuwapima wakiwa kundi zima. Unamlazimisha achague mbele ya wenzake, na atawachagua wao. Nenda peke yako, ongea naye habari za vidonge vilivyomsumbua, na kama vipo, daktari anaweza kumbadilishia, maana dawa za presha ni za aina nyingi. Usitaje maombi kwa ubaya. Aombe na ameze. Tafuta kwenye kikundi mmoja anayemeza kimya kimya, karibu kila kikundi anakuwepo, umuombe amsindikize kliniki. Wakati huohuo wafundishe watoto wa nyumba hiyo dalili za kiharusi: mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kutoka ovyo, kichwa kuuma ghafla kupita kiasi. Wakiona hata moja wampeleke hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja kikao cha mtu yeyote.