Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Upasuaji Kikifunguliwa, Bajeti Ianzie Wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya wilayani Makete. Tumejengewa chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi ya vitanda 20, na huduma zitaanza mwaka ujao wa fedha. Mganga mfawidhi anataka tukadirie gharama za uendeshaji. Wenzangu wanasema tuchukue bajeti ya mwaka huu, tuongeze nusu yake. Ni sawa?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Bajeti ya mwaka huu haina hata mgonjwa mmoja wa upasuaji ndani yake, kwa hiyo nusu yake haiwaambii chochote. Anzeni na saa za kazi.

Nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana ina saa 8,760 kwa mwaka. Mtumishi wa saa 40 kwa wiki, mkiondoa likizo ya siku 28, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, hubaki na saa kama 1,750. Gawanyeni: watu 5 kwa nafasi moja. Mishahara italipwa na Serikali Kuu, lakini iandikeni hivyo hivyo. Mtaalamu wa usingizi akiwa mmoja tu, siku anayokwenda likizo upasuaji unasimama, na ni vema halmashauri ilione hilo kwenye karatasi mapema.

Umeme upimeni kifaa kwa kifaa. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya wati 350 ikiwaka saa 24 hula yuniti 8.4 kwa siku, yaani 252 kwa mwezi. Mkitumia mitungi, ule mkubwa wa lita 6,800 kwa mgonjwa mmoja anayevuta lita 5 kwa dakika huisha ndani ya saa 23 hivi. Wekeni na nauli ya kwenda kuujaza.

Jenereta ndiyo hudanganya wengi. Ikila lita 8 kwa saa na umeme ukikatika saa 20 kwa mwezi, ni lita 160. Ongezeni lita 16 za kuiwasha nusu saa kila wiki kwa majaribio, pamoja na oili na filta kila baada ya saa 250 za kazi. Kwenye miinuko kama yenu hewa ni nyepesi na jenereta hupungukiwa nguvu, lakini msikimbilie kubwa kupita kiasi: ikibeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, dizeli haiungui vizuri na masizi huziba injini.

Maji: lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji. Mashuka: kwa kawaida seti 3 kwa kitanda zinatosha, ila kwa baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti nguo hazikauki. Nunueni seti 5, jumla 100.

Sasa upande wa mapato, ambako ndiko naona hatari kubwa. Wagonjwa wengi wa chumba hicho watakuwa wajawazito wanaohitaji kujifungua kwa upasuaji, nao wamo kwenye kundi la msamaha. Kila upasuaji utakula nyuzi, glovu, dripu na dawa za usingizi bila kuingiza ada. Andikeni gharama ya upasuaji mmoja, zidisheni kwa idadi ya wajawazito mliowapa rufaa ya upasuaji mwaka jana, na jumla hiyo itafutiwe chanzo kabla ya ufunguzi.

SWALI: Mfadhili ametupa mashine ya eksirei bure hapa Iringa. Tuiwekee fedha za matengenezo?

JIBU: Ndiyo. Ulizeni bei yake ikiwa mpya, tengeni asilimia 5 hadi 6 ya bei hiyo kila mwaka. Mwaka wa kwanza dhamana, kama ipo, inaweza kubeba ubovu, lakini fedha zitengwe tangu mwaka huo, maana vipuri vikubwa huharibika baadaye na kwa mkupuo. Kabla ya kusaini kuipokea, pateni kwa maandishi jina la fundi aliye nchini anayeijua modeli hiyo.