Barua kwa Mwanangu: Nishani ya Babu Yako

Shela, Malindi

Mwanangu mpendwa Saumu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara ya pili kwa sauti ili shangazi yako naye aisikie. Unaniuliza kama tuwaazime wale waandaaji wa maonyesho nishani ya babu yako ya Burma, ile ya Waingereza ya vita vya pili vya dunia, iwekwe ndani ya kioo tarehe 14 Oktoba, Siku ya Majeshi ya Ulinzi, na familia yetu iitwe mbele ipigiwe makofi. Swali lako linataka ndiyo au la. Mimi nimelikalia, na kila nikitaka kulijibu najikuta ninajibu jingine, nalo ni hili: mtu aliyekwenda vitani huheshimiwa kwa kitu gani?

Neno langu unalijua, nimelisema nyumbani mpaka mmelichoka. Haki kwanza, makofi baadaye.

Nishani yenyewe umeicheza utotoni, ile nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe mwekundu katikati, wa buluu pembeni, na mistari ya rangi ya machungwa. Huenda hukuwahi kuutazama upande wake wa nyuma. Ni mtupu: hakuna jina, hakuna namba. Babu yako alikuwa akiigeuza na kusema kwamba Mfalme alimpa nyota lakini hakuuliza anaitwa nani. Alilisema hilo huku akicheka, na sisi watoto tukacheka naye, mpaka siku nilipolisikia likitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Mwaka ule nilipokuwa na mimba yako, habari zilifika Malindi kwamba kuna ofisi Mombasa inayoandikisha askari wa zamani wa Keya, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, ili wapewe msaada kidogo. Babu yako hakutaka kwenda. Nyanya yako ndiye aliyemsukuma, na mimi nikaambiwa nifuatane naye kwa sababu macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Tulipanda basi la alfajiri, tukavuka Kilifi kwa feri kwani daraja lilikuwa bado, naye njia nzima alikaa wima katika kanzu yake ya Ijumaa, nishani akiwa ameifunga katika leso mfukoni.

Yule karani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningekwisha kumsahau. Alitaka cheti cha kuachishwa jeshi, na cheti, kama ujuavyo, kiliteketea pamoja na ile nyumba ya makuti. Babu yako akafungua leso. Karani akaigeuza nishani, akasema haina jina, yawezekana ni ya mtu mwingine. Babu yako akataja namba yake ya jeshi kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, kama alivyofundishwa ujanani, na vijana wa ofisini wakaacha kazi wakamtazama. Mmoja wao akasema, "Mzee, kama kweli ulikuwa Keya, tuonyeshe kwata."

Akawaonyesha. Alivua makubadhi, akabana visigino, vidole gumba vikafuata mshono wa kanzu, kidevu kikapanda juu, kisha akajitolea amri mwenyewe, akageuka kulia, akageuka nyuma, akapiga saluti, na kisigino kitupu kikagonga sakafu ya saruji kwa kishindo ambacho mimi ndiye niliyekisikia mguuni. Ofisi nzima ikampigia makofi. Wakamletea chai na mahamri. Fomu hawakumpa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapobishana na nafsi yangu mpaka leo. Wakati wa kurudi mimi nilikuwa na hasira hata sikuweza kusema, naye kwenye feri alikuwa akimsimulia abiria asiyemjua jinsi alivyogeuka nyuma bila kuyumba, na ndani ya miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona amefurahi namna ile kwa habari ya vita. Je, walimdhihaki? Nadhani walimdhihaki. Je, yeye alidhihakika? Sijui nina haki gani ya kumwambia mtu aliyepigwa mvua Burma kwamba furaha yake haikuwa furaha. Lakini pia njaa ya heshima humfanya mtu ashukuru hata makombo, na waliomlaza na njaa hiyo muda wote ule hawakuwa wale vijana peke yao.

Maana unajua alikotoka. Mwaka 1944 alikuwa dereva wa lori katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za kule, ikiwafuata Wajapani hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako ilifika Desemba. Habari ya risasi hakuwa nayo nyingi. Yeye alisimulia tope: lori likizama hadi ekseli, alisema, waliolisukuma walikuwa wa kila rangi. Malipo ndiyo yaliyokuwa na rangi. Zilipotangazwa mwaka 2019 habari za hati za zamani zilizoonyesha kwamba bahashishi ya kuachishwa jeshi ilipangwa kwa asili ya mtu, Mwafrika akipata takriban theluthi moja ya alichopewa Mzungu wa cheo cha chini kama yeye, shangazi yako alizima redio akasema, "Mzee alikuwa akijua."

Rafiki yake wa Mambrui, yule ambaye mjomba wako amepewa jina lake, hakufika hata kwenye hilo tope. Alikuwa miongoni mwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliopanda meli Khedive Ismail kutoka Mombasa kwenda Colombo, nayo ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu wapatao 1,300. Wapiga mizinga waliopotea na meli ile wanakumbukwa kwa majina katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, huko huko uliko. Nenda ukamtafute. Ninakuomba hilo kwa moyo mweupe kuliko ninavyoweza kuzungumzia maonyesho.

Wale wa vita vya kwanza vya dunia hawana hata hilo. Sanamu za askari zilizoko Kenyatta Avenue hapo Nairobi zina maandishi yanayowasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Mwaka 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa katika vita vile bila kuandikwa popote kwa majina, wengi wao wakiwa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawapungui 116,000, na huenda wakafika 350,000, na waziri wao wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Huku kwetu, mnara wa Vasco da Gama, aliyepita hapa siku chache mwaka 1498, unajulikana na kila mtoto wa shule. Na mji uliopigwa mabomu na ndege za Waitaliano mwaka 1940 leo unajua Kiitaliano kuliko unavyojua habari za Keya wake. Simlaumu Mwitaliano anayekula samaki wake kwa amani, nasema tu.

Utaniambia, ndiyo maana maonyesho yanahitajika, ili watu wajue. Ni hoja, na sina jibu lake kamili. Mfalme Charles alipokuja mwaka 2023 na kuwakabidhi wazee wachache nishani mpya pale makaburi ya Kariokor badala ya zile walizopoteza, nilikuwa nimejiandaa kununa, na badala yake nililia, kwa sababu niliona uso wa mzee mmoja na ulikuwa uso ule ule wa kwenye feri. Kwa hiyo makofi si bure. Nalikubali hilo, halafu dakika ile ile nakumbuka fomu.

Na namkumbuka binamu yako Athumani. Babu yako amekwisha kufa na hahitaji kitu kwetu ila dua. Athumani yuko hai, hapa mtaa wa Barani, anauza vipuri vya bodaboda, sikio la kushoto halisikii tangu alipokuwa askari Somalia, na Januari ikifika hazungumzi na mtu, kwa sababu ya wenzake waliouawa kambini El Adde, huko Somalia, mwaka 2016, ambao hata idadi yao serikali haikuitangaza rasmi. Kuna sheria ya wanajeshi wastaafu ya mwaka 2022, nayo nimeisikia ikisifiwa. Je, hao waandaaji wako, wanaotaka nishani ya mtu aliyekufa, wamemwandikia yeye? Wana mtu wa kuketi na vijana kama yeye na kuwajazia makaratasi, au wana kioo na viti vya wageni mashuhuri tu? Haki kwanza, Saumu.

Wewe ndiye mjukuu mkubwa, na nyanya yako alisema nishani ni ya mjukuu mkubwa, basi uamuzi ni wako na mimi nimejizuia kukuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Ila waulize hilo la Athumani kabla ya kuwajibu, uniandikie walichosema neno kwa neno, hata kama ni kizuri.

Mama yako